Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kionekane: Mafunzo kutoka Nyakato kwa Wenye Biashara Ndogo

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno haya yalikuwa kweli tupu zamani zile ambapo muuzaji na mnunuzi walikaa mji mmoja. Bibi aliyepika halua nzuri hakuwa na haja ya kupiga mbiu. Harufu yake ilipita dirishani, ikazunguka mtaa, na kabla ya alasiri sinia limekwisha. Lakini leo mwenye kuitamani halua hiyo huenda yuko Dodoma, au Mombasa, au Maskati, na harufu haivuki bahari. Chema kimekaa ndani ya sinia, hakijulikani, na huku kibaya cha mwingine chajitembeza kila siku katika simu za watu.

Kwa sababu hiyo wanachama kadha wa kadha wametuuliza, wengine kwa mdomo na wengine kwa barua, kama yafaa Chama kifungue ukurasa wake katika mtandao wa intaneti, ili vitu vidogo vidogo vinavyotengenezwa majumbani mwetu vipate wanunuzi wa mbali. Wamevitaja vyenyewe: paketi za mdalasini na pilipili manga, asali, achari, sabuni za mwani, mikeka na kofia za mkono. Swali hili si la mchezo. Sote twajua tabia ya mkarafuu: mwaka mmoja huinamisha matawi kwa wingi wa mazao, na mwaka wa pili na wa tatu huenda ukatoa pishi za kuhesabika. Katika miaka hiyo ya ukame wa mfuko, ada za watoto na mafuta ya taa hutoka katika biashara hizi ndogo, na aghalabu mkononi mwa mama. Basi jambo hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, na kila mwanachama atatakiwa kutoa rai yake. Makala haya yameandikwa ili rai hiyo itolewe kwa ujuzi.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja juu ya karafuu zenyewe. Hatuzungumzi hapa juu ya karafuu kavu wala makonyo. Mazao hayo yana sheria yake, Sheria ya Karafuu ya mwaka 2014, na vituo vyake vya kuuzia vya Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC. Mwanachama atakayetia picha ya magunia yake mtandaoni na kuita wanunuzi wa faragha atajiingiza katika habari za magendo, na hapo Chama hakitaweza kumtetea. Mwenye shaka aulize ofisini kwanza.

KWA NINI NYAKATO

Huenda mwanachama akauliza, sisi watu wa kisiwani na bahari yetu, Nyakato yatuhusu nini? Nyakato ni kata katika Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Kutoka huko hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 kwa gari. Huko liko eneo la viwanda vidogo la SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuwasaidia mafundi na wenye viwanda vidogo nchini. Pembezoni mwake wamekaa wachomeleaji, maseremala, watengenezaji wa mashine za kusaga na kukoboa, na akina mama wanaofungasha vyakula.

Watu hawa wana shida ileile tuliyo nayo sisi. Bidhaa yao inatengenezwa mahali pamoja, na mwenye fedha ya kuinunua yuko mahali pengine asikopita mlangoni pao. Sisi tumezuiliwa na bahari, wao wamezuiliwa na masafa ya nchi kavu. Wametangulia kidogo katika dawa ya shida hiyo, na mwenye busara hujifunza kwa aliyetangulia. Katibu wenu alipata kupita Nyakato kwa shughuli nyingine, akatumia siku mbili kutazama na kuuliza. Aliyoyaona ndiyo haya.

DAGAA NA MCHANGA

Karibu na Nyakato, upande wa Kirumba, liko soko kubwa la Mwaloni, ambako dagaa wakavu wa Ziwa Victoria hushushwa kwa magunia na kununuliwa na wafanyabiashara wa nchi mbalimbali, hata wa Kongo. Dagaa hapa ni wengi kama majani. Je, mtu mmoja mwenye vipaketi vyake vichache atauzaje mbele ya mlima huo?

Mama mmoja wa Nyakato, mtu mzima wa makamo, hufungasha dagaa waliokwisha kuondolewa vichwa, na bei ya kipaketi chake yapita sana bei ya soko. Nilipoona bei ile nilimwuliza kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Dagaa wamejaa Mwaloni kwa bei nafuu. Hawa wako hununuliwa na nani?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu huku akicheka. "Hununuliwa na yule aliyechoka kutafuna mchanga."

Hapo ndipo ilipo siri yake. Wavuvi wengi huanika dagaa juu ya mchanga wa pwani, na mtu aonjapo mboga husikia changarawe baina ya meno. Wengine huwaanika juu ya vichanja, yaani tanga za wavu zilizoinuliwa juu ya miti, na dagaa wa namna hii hukauka upesi tena safi. Mama huyu hununua wa vichanjani tu. Na tazameni jinsi anavyojitangaza: picha anazozituma kwa simu si za kipaketi kilichopambwa. Ni picha za vichanja vyenyewe asubuhi dagaa wanapoanikwa, kisha za mikono ikichagua, kisha za mizani ikisoma uzito, na mwisho kipaketi.

"Dagaa kila mtu anao," alisema. "Usafi ndio unaotafutwa, na mtu wa Dodoma ataujuaje asipouona?"

Wanachama wapenzi, hakuna anayepaswa kuyaelewa maneno haya kuliko sisi. Je, karafuu iliyoanikwa juu ya mkeka ikapinduliwa kwa wakati, na karafuu iliyotandazwa kando ya barabara ikachanganyika na vumbi, si mbili tofauti? Babu zetu waliona jinsi jina la karafuu ya Zanzibar lilivyotiwa doa kwa karafuu mbichi, mpeta na makonyo yaliyochanganywa, hata katika miaka ya 1930 Serikali ikaweka sheria ya kuzikagua na kuzipanga kwa daraja kabla ya kusafirishwa. Mnunuzi wa London au wa Bombay hakuiona karafuu ikianikwa. Aliamini daraja iliyoandikwa. Na mnunuzi wa mtandaoni ni mnunuzi wa namna hiyohiyo. Hanusi, hashiki, haonji. Analo jicho na neno lako tu. Basi tangazo la mtandaoni ni ahadi, na ahadi ni deni.

JINSI WANAVYOFANYA

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wengi wadhani kujitangaza mtandaoni ni kutia picha moja na kungoja fedha. Wale wa Nyakato wanaofaulu hufanya mambo manne.

Kwanza, hujulisha mahali walipo. Mashine ya kukoboa si kitu cha kununuliwa kwa kubahatisha. Mteja wa Geita au Kahama hutaka kujua kama karakana ipo kweli. Fundi hujiandikisha katika ramani ya Google, jambo lisilotozwa ada, akaandika jina la karakana, saa za kazi na namba ya simu. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zimepata namba na mitaa imepata majina, na anwani hiyo huandikwa pamoja na alama inayojulikana na wenyeji, kama vile jirani ya shule au mkabala wa sheli. Muuzaji asiyetaka kusema yuko wapi, mteja humdhania tapeli, na mara nyingi hakosei.

Pili, hutumia programu ya WhatsApp iliyotengenezwa makusudi kwa wenye biashara, iliyotolewa mwaka 2018, nayo haina ada ya kuipata. Ndani yake mtu aweza kupanga bidhaa zake moja moja, kila moja na picha yake, maelezo na bei, kama mtu apangavyo bidhaa kwenye rafu. Aweza pia kuandaa majibu mafupi ya maswali yanayorudiwa kila siku: bei gani, uzito gani, mnatuma vipi. Lakini programu hiyo ina mipaka, na yafaa kuijua. Tangazo la kutuma kwa watu wengi kwa mara moja haliwezi kupita watu 256 katika orodha moja, wala halimfikii yule ambaye hakuihifadhi namba yako katika simu yake. Picha unayoitia katika "status" huondoka baada ya saa 24. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kumwomba mteja kwa upole: "Tafadhali hifadhi namba yetu kwa jina hili."

Tatu, huonyesha kitu kikifanya kazi. Fundi mmoja aliniambia kuwa zamani alitia picha za mashine mpya zikiwa zimepakwa rangi ya kung'aa, na watu walisifu wasinunue. Sasa huchukua filamu fupi, dakika moja hivi, ya mashine ikisaga mahindi ya mteja halisi, unga ukitoka, na sauti ya mota ikisikika. Mteja wa mbali aijuaye kazi yake huisikiliza sauti ile kama vile sisi tunavyoivunja karafuu kwa vidole kujua kama imekauka. Kwetu sisi, mwenye asali aonyeshe mzinga na urinaji. Mwenye mikeka aonyeshe ukindu unavyosukwa. Mwenye sabuni ya mwani aonyeshe mwani ukitoka baharini na sabuni ikikatwa. Mwanga wa asubuhi watosha. Simu ya kawaida yenye kioo safi yatosha. Usikope picha ya mtu mwingine, hata ikiwa nzuri namna gani, maana siku mteja atakapopokea kitu kisichofanana na picha hatarudi tena, na atawaambia wenziwe.

Nne, hujibu upesi na kwa adabu. Biashara haigombi. Mtu akiuliza bei, mwambie bei; usimwambie "njoo faragha" kama kwamba bei ni siri ya ndoa. Bei iliyofichwa humfanya mnunuzi adhani kila mtu atatajiwa bei yake kwa kadiri ya sura yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo yaelekeza uwazi wa namna hiyohiyo: auzaye kwa njia hii amjulishe mnunuzi yeye ni nani, anauza kitu gani na kwa bei gani. Kumbe sheria na adabu ya soko ni mamoja.

SAFARI YA KIFURUSHI

Kuuza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukifikisha kitu. Wafanyabiashara wa Mwanza hutuma vifurushi kwa mabasi. Kifurushi kikipokelewa stendi, mtumaji hupewa stakabadhi. Naye huipiga picha na kuituma kwa mteja hapohapo, pamoja na jina la basi, saa ya kuondoka na namba ya ofisi ya kupokelea. Jambo hili dogo limewaondolea ugomvi mwingi, maana mteja aliyekwisha kulipa hana wasiwasi akiiona stakabadhi.

Kwetu sisi mzigo hupita meli kwanza. Basi tuhesabu siku kwa haki. Usimwahidi mtu wa Morogoro kuwa atapata asali yake kesho, hali meli ya kesho hujui kama itaondoka kwa upepo. Sema siku nne, na ikifika siku ya tatu atafurahi. Tena tufikirie chombo: chupa ya asali isiyofungwa sawasawa itamwagika ndani ya mzigo wa watu, na fidia itazidi faida ya mwezi. Vitu vikavu, kama viungo na kofia, ndivyo vya kuanza navyo.

Katika vyakula kuna jambo la kibali pia. Kule bara, tangu mwaka 2019, usajili wa vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na SIDO huwasaidia wadogo kupata alama ya ubora kwa barua ya utambulisho. Kwetu Zanzibar mwenye chakula cha kufungasha aulize kwa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, na kwa Taasisi ya Viwango, ZBS. Alama ile ndogo katika lebo humsemea muuzaji mbele ya mtu asiyemjua.

HESABU YA TANGAZO LA KULIPIA

Facebook na Instagram hupokea fedha ili tangazo lako lionyeshwe kwa watu wasiokujua. Wengi hulipa kwa pupa, kisha husema mtandao hauna faida. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mwanachama amelipa shilingi 10,000 kwa tangazo la siku tatu. Watu 20 wameuliza, na wanne wamenunua. Katika kila oda faida yake, baada ya kutoa gharama ya bidhaa na kifungashio, ni shilingi 3,000. Faida yote ni shilingi 12,000. Toa 10,000 za tangazo, zabaki 2,000; toa bando la 1,500, zabaki 500. Kwa kazi ya siku tatu, hiyo ni sawa na bure.

Lakini kama wawili katika wale wanne wakiagiza tena mwezi ujao kwa kuwa walipenda, shilingi 6,000 zitaingia bila tangazo jipya. Hapo ndipo ilipo faida ya kweli. Kwa hiyo mtu asilipie tangazo kabla hajawa na kitu cha kumrudisha mnunuzi, yaani ubora ule ule kila mara. Kumtangazia mgeni kitu kibovu ni kulipa fedha ili ubaya wako ujulikane upesi zaidi.

Na hesabu hii haiwezekani bila kuandika. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila oda iandikwe: tarehe, jina, kitu, uzito, bei, gharama ya kutuma, na mteja alikujua kwa njia gani. Mwisho wa mwezi daftari litakwambia kama wateja waliletwa na tangazo la kulipia, au na kundi la mtaa, au na mteja mwenzao aliyewasifia kitu chako. Daftari hilohilo litakufaa utakapoulizwa na mamlaka ya mapato, maana kuuza kwa simu hakumwondolei mtu wajibu wa leseni na kodi.

HADHARI

Penye urembo ndipo penye urimbo. Hatari tatu zatosha kutajwa.

Ya kwanza ni utapeli wa malipo. Kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe usemao, "ile hela tuma kwenye namba hii." Wapo pia wanaomtumia muuzaji ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa malipo, kisha humharakisha atoe mzigo. Dawa yake ni moja: usiamini ujumbe, tazama salio. Fedha isipokuwamo katika salio, mzigo usitoke, hata mnunuzi akiapa. Namba ya tapeli ipelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Tena kila mwanachama apige *106# katika simu yake apate kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akabeba mzigo wa mwingine.

Ya pili ni kutegemea njia moja. Kampuni ya Jumia ilikuwa soko kubwa la mtandaoni nchini kwetu, na mwezi wa Novemba 2019 ikafunga shughuli zake Tanzania. Wauzaji waliokuwa hawana njia nyingine ilibidi waanze upya. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, mtandao ulikatwa nchini kwa siku kadhaa, na aliyeweka wateja wake wote ndani ya simu tu alikaa mikono mitupu. Namba za wateja ziandikwe katika daftari la karatasi. Duka la mtaani na jirani wa kila siku wasidharauliwe. Mtandao ni mlango wa pili wa nyumba, usizibe ule wa kwanza.

Ya tatu ni amana ya habari za watu. Mteja akikupa namba yake na mahali akaapo, amekupa kwa ajili ya oda yake tu. Kumtia katika makundi bila ruhusa, au kutangaza picha yake na mazungumzo yake, ni utovu wa adabu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni jambo la kisheria pia.

RAI YA KATIBU

Sasa turudi kwenye swali la wanachama: je, Chama kifungue ukurasa mmoja wa wote? Faida yake yaonekana. Jina la Chama lajulikana kuliko jina la mtu mmoja; mpigaji picha mmoja aweza kuwahudumia wengi; na mzigo wa watu kumi ukipelekwa pamoja, gharama ya meli yapungua kwa kila mmoja.

Lakini hatari yake ni kubwa kadiri ya faida. Jina la Chama ni mali ya wote. Mwanachama mmoja akipunja gramu 20 katika paketi ya mdalasini, au akichanganya pilipili manga na mbegu za mpapai, mnunuzi hatasema fulani bin fulani ameniibia. Atasema watu wa kisiwa kile wameniibia. Sote tulisoma chuoni onyo lililotolewa juu ya wapunjao vipimo. Onyo hilo halikubagua kipimo cha dukani na cha mtandaoni.

Kwa hiyo rai ya Katibu, ambayo mkutano waweza kuikubali au kuikataa, ni hii. Tuanze kwa majaribio ya miezi sita, kwa bidhaa tatu tu zisizoharibika upesi: mdalasini, pilipili manga na kofia. Kila paketi ipimwe kwa mizani ya Chama, si ya nyumbani, na iandikwe uzito, tarehe na namba ya mwanachama aliyeileta, ili likitokea lawama ijulikane limetoka wapi. Picha zipigwe nyumbani kwa mwenye bidhaa, kazi ikifanyika. Achaguliwe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, mwenye simu nzuri na ulimi mzuri zaidi, ajibu maswali kila siku na alipwe sehemu ndogo ya kila oda. Mteja akilalamika kwa haki, arudishiwe fedha yake bila mabishano, na mwanachama mwenye kosa azilipe. Daftari lisomwe mbele ya kamati kila mwezi. Miezi sita ikiisha, hesabu ndiyo itakayotoa hukumu, si mapenzi ya Katibu wala ya mtu yeyote.

Wako wazee watakaosema kwamba mambo haya ni ya vijana. Tuwakumbushe kwa heshima kuwa wao ndio waliotufundisha kwamba la mgambo likilia lina jambo. Tangazo si jambo jipya katika visiwa hivi. Kilichobadilika ni pembe inayopulizwa. Na wako vijana watakaosema kwamba mizani, daftari na stakabadhi ni mambo ya wazee. Hao nao tuwaambie kuwa simu hupeleka habari ya kitu, wala haiongezi uzito wake. Mama wa Nyakato hakuanza kwa simu. Alianza kwa kukataa dagaa wa mchangani, na simu ikaja kumsaidia kusema kweli aliyokwisha kuitenda.

Wanachama wenye maoni, au wenye bidhaa wanayotaka ifikiriwe katika majaribio, wayalete ofisini kwa maandishi au kwa mdomo kabla ya mkutano mkuu. Asiyeweza kuandika asione haya. Katibu ataandika kwa niaba yake. Kila aletaye kitu alete na kipimo chake, ili tukihakikishe katika mizani ya Chama mbele ya macho yake.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama